Shairi Lililomsemea Dada

4 Machi

Mvua imeanza jana alasiri na mpaka sasa haijapumzika. Chumba cha nyuma ninamochorea kinavuja pale pale kilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la brashi. Nimeweka sufuria. Dada ameiondoa akaweka ndoo, akisema sufuria ni ya kupikia. Picha ya fundi viatu imefika nusu, lakini hewa ikiwa mbichi namna hii rangi ya mafuta haikauki. Ukiigusa inakufuata kidoleni. Nimeifunika. Masika haya nitaandika, ili mikono isizoee kukaa bure.

6 Machi

Mhariri amekuja kuchagua picha za kitabu. Ni binti mdogo kuliko nilivyomdhania kwenye simu, ana sauti ya upole na viatu visivyofaa tope. Aligeuza picha moja atafute mwaka ilipochorwa, akakuta maandishi. Hiyo ni tabia yangu ya tangu enzi za kufundisha shule: nikimaliza picha, nyuma yake naandika kwa penseli yale yaliyokataa kuingia kwenye rangi. Mengine yana vina, mengine ni maneno tu ya mtu anayejisemea. Yule binti akaketi sakafuni na sketi yake safi, akageuza picha zote moja moja, akawa anasoma migongo tu.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa kuna vitabu viwili, wewe umetuonyesha kimoja."

Anataka picha upande huu, shairi upande ule. Alipoondoka Dada aliniuliza kama mgeni alikuja kutazama picha au kukagua vumbi la nyuma yake. Nimecheka peke yangu jioni yote. Miaka sitini na moja, kitabu cha kwanza. Nimejiangalia kwenye kioo kama msichana aliyeletewa posa.

7 Machi

Mvua. Nimenakili mashairi tisa. Mawili hayafai hata kufungia vitumbua.

11 Machi

Picha kubwa kuliko zote ni ile ya Dada akiwa kwenye tanuri la mikate, mikono imezama unga mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake pako wazi. Sikuwahi kuandika kitu. Mhariri ameomba niandike, kwa sababu picha hiyo ndiyo itakaa katikati ya kitabu.

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Habari yenyewe naijua kama ninavyolijua jina langu. Mama alifariki mimi nikiwa na miaka minane, Dada kumi na tisa. Dada alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Siku ya kuondoka alitoka na sanduku lake, mimi nikashika nguzo ya mlango nikalia mpaka sauti ikakauka, naye akarudi. Wiki iliyofuata akaanza kazi kwenye tanuri, na hapo hapo akazeekea. Nikasoma kwa mikate hiyo. Nikawa mchoraji kwa mikate hiyo.

Shairi lina beti tano. Huu wa tatu umekuja wenyewe, kama maji ya bomba:

Sanduku uliliweka, mlangoni ukarudi,
Machozi yalinitoka, ukaivunja ahadi,
Ungani ukaizika, ndoto yako kwa kusudi,
Dada hukulalamika, ila macho ni shahidi.

Nimelia nilipomaliza. Nadhani ni dalili njema.

15 Machi

Mhariri amenipigia. Akasema hilo shairi la Dada ndilo moyo wa kitabu, mengine yote ni mikono na miguu.

Binti yetu alikuja kula nasi. Ni mtoto wa Dada, ila ukimuuliza atakuambia ana mama wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Yeye ni muuguzi kwenye chumba cha upasuaji. Mezani akatusimulia jinsi walivyomshona mtu aliyekatwa na mabati, na kama kawaida Dada akainuka katikati ya habari, akaenda jikoni kupangusa mahali palipokwisha pangusika. Nimemwona mara nyingi akifanya hivyo. Lazima humuuma kusikia maisha ambayo yangekuwa yake. Nimeongeza mstari mmoja kwenye ubeti wa nne.

16 Machi

Jua kidogo, nguo zikakauka. Jioni mvua tena.

19 Machi

Leo nimempa Dada asome.

Nilimngoja amalize kukunja shuka, nikamwekea kiti karibu na dirisha, nikampa miwani yake mkononi. Alisoma polepole, kidole kikiufuata mstari, kama anavyosoma maelezo ya chupa ya dawa. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mimi nimesimama pembeni nikingoja kukumbatiwa. Sitajificha kwenye shajara yangu mwenyewe: uso wa kukumbatiwa nilikuwa nimekwisha uandaa.

"Macho yangu yameshuhudia nini?" akauliza.

Nikamwambia, ile huzuni aliyoificha miaka yote.

"Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa tanuri."

Kisha akavua miwani, akanieleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Kwamba uuguzi ulikuwa mpango wa mama, si wake. Kwamba kabla mama hajafa alimpeleka hospitalini kumjulia hali jirani, naye Dada akaona beseni la damu chini ya kitanda, akaanguka. Aliamka amelazwa kitanda cha pili na watu wanampepea. Kwamba siku ile ya sanduku alitoka akiomba litokee lolote, hata nyumba ishike moto, ili asifike chuoni.

"Ulipolia nilimshukuru Mungu," akasema. "Nilikunyanyua nikakubusu, wewe ukadhani nakubembeleza."

Nikamuuliza, na tanuri je? Akacheka kidogo. Akasema alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kabla ya waumini, anafungua mlango wa tanuri, joto linampiga usoni, mji mzima umelala na yeye peke yake ndiye anayejua watu watakula nini asubuhi. Akasema alimkuta shemeji hapo hapo, akikanda unga huku akiimba ovyo. Angekwenda chuoni angempata wapi mwanamume aimbaye vibaya namna ile? Na binti angetoka wapi?

"Hiyo ndiyo ndoto niliyoizika?"

Na kule kuinuka mezani binti anaposimulia upasuaji ni kichefuchefu tu. Hajamwambia mtoto kwa sababu mtoto huja na fahari ya kazi yake, na mtu hamwambii mwanawe kwamba fahari yake inamtapisha.

Nikamuuliza kwa nini na mimi hakuniambia, miaka yote hii tukila sahani moja.

"Hukuuliza. Ulikuwa unanichora."

Halafu akanirudishia karatasi, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Umenichora toka tukiwa wasichana. Pua umeivimbisha, shingo umeifupisha, sikusema kitu, kwa sababu picha haimsemei mtu. Anayetazama ataona atakavyo. Lakini hapa umenitia maneno mdomoni, mdogo wangu, na maneno si yangu. Litoe."

Nimemwambia nitalitoa. Akaenda kukoroga uji. Mvua ikaendelea kunyesha, nami nikabaki na karatasi, nikiona haya kama mtu aliyesifu maiti kisha maiti akakohoa.

20 Machi

Dada ni yule yule. Ameniuliza kama nina nguo chafu.

24 Machi

Sitaki kulitoa, nataka kulisahihisha. Nimejaribu kuuandika ukweli wake. Asubuhi nzima nimepata mistari miwili:

Damu uliiogopa, nami nikakupa njia,
Sanduku ukalitupa, unga ukakimbilia.

Inachekesha. Ni wimbo wa watoto wa kuruka kamba. Kwenye picha ningejua la kufanya, ningeongeza kivuli hapa, ningepunguza mwanga pale. Maneno hayana kivuli. Ukishasema aliogopa damu, aliogopa damu, basi.

28 Machi

Mhariri alipita. Nimemweleza. Alisikiliza vizuri, sina cha kumlaumu. Alisema uamuzi ni wangu, ila shairi halihojiwi kama shahidi mahakamani. Shairi ni la moyo wa aliyeliandika. Akauliza: je, wewe ulihisi hivyo ulipoandika? Nikasema ndiyo. Akasema basi si uongo. Maneno hayo yalinishuka kooni kama asali. Nilikuwa na njaa nayo kabla hajayatamka.

2 Aprili

Nimeliacha lilivyo. Nimebadilisha kichwa tu. Badala ya "Dada" sasa ni "Mwanamke wa Mikate". Nimejiambia kwamba kwa hiyo si Dada tena. Picha iliyo ukurasa wa mkabala ina pua yake, shingo yake na kovu lake la kidevuni.

3 Aprili

Tukichambua mchele Dada aliuliza, bila kuinua kichwa, "Umelitoa?"

Nikajibu kwamba nalishughulikia.

Akasema, "Haya." Hakuna neno zito kama hilo "haya" la Dada. Anakuamini nalo.

6 Aprili

Fundi paa amekuja, amepanda, ameshuka, amesema mvua ikiisha ndipo atengeneze. Dada kamjibu kwamba mvua ikiisha hata yeye anaweza kuwa fundi.

9 Aprili

Maji yameingia kwenye kiwanda cha uchapaji. Karatasi zimelowa, kazi imesimama wiki nzima. Mhariri amepiga kuomba radhi, akaongeza kwamba kama nina neno la kubadilisha, au ukurasa, mwanya ndio huu.

Dada alikuwa uani akianua nguo mbio mbio, mvua imemkuta. Nilimwona kupitia dirisha, khanga imemgandama mgongoni. Nilimwambia mhariri sina la kubadilisha.

14 Aprili

Jana asubuhi nilisikia kikombe kimevunjika jikoni. Nilimalizia mstari niliokuwa nauandika. Kisha nikaona kimya kimekuwa kirefu, Dada hajakilaumu kikombe wala hajajilaumu mwenyewe, nikaenda.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea gunia la viazi, mguu mmoja umekunjika chini yake. Nilimuuliza kama ameteleza. Alifungua mdomo na kilichotoka hakikuwa neno. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka, kama rangi iliyotiwa maji mengi ikaanza kuchuruzika. Nimeandika hivyo na nimechukia kuandika hivyo. Hata wakati ule, nimepiga magoti kwenye vipande vya kikombe, kuna jicho moja ndani yangu lilikuwa likitazama vivuli.

Jirani mwenye gari la kubebea mboga ndiye aliyetupeleka hospitalini. Barabara imejaa maji. Dada alilala juu ya magunia, kichwa mapajani pangu, mkono wake wa kushoto umeshika kidole changu gumba. Binti alitupokea mlangoni na sare yake. Hakulia. Aliita wenzake, akasukuma kitanda mwenyewe, akapotelea ndani.

Daktari anasema ni kiharusi. Atapona kiasi. Mguu huenda ukarudi. Kuhusu kusema alinyanyua mabega.

17 Aprili

Leo Dada alijaribu kuniambia kitu. Alijaribu sana, mpaka jasho likamtoka. Nilitaja maji, mto, dirisha, choo, baridi. Si hicho. Mwishowe akaacha, akageukia ukuta.

Nimetoka nje kwenye ngazi nikampigia mhariri. Nimemwambia alitoe lile shairi, ubaki ukurasa mtupu, nitachora kitu, chochote. Akasikitika kwa dhati. Mashine zilimaliza jana. Vitabu vinasubiri majalada tu.

Wiki nzima nilipewa. Sasa shairi langu ndilo litakalosema, naye hana cha kulijibu.

25 Aprili

Tumerudi nyumbani. Binti amehamia chumba cha mbele. Anamwogesha mama yake kwa mikono ya kazi, haraka na bila kumwonea haya. Dada anamtazama binti huyu kama mtu anayetazama jua likichomoza nyumbani kwake. Ningeweza kuuchora uso ule. Sikuugusa.

3 Mei

Binti alikuwa kazini. Nimemlisha Dada uji, kisha nikavuta kiti nikamwomba radhi. Nilimweleza kila kitu: kichwa nilichobadilisha, simu niliyopokea yeye akianua nguo, na ile "nalishughulikia". Alisikiliza. Sijui aliwaza nini. Upande mmoja wa uso wake haueleweki, na upande mwingine ulikuwa umechoka.

Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamsomea ile mistari miwili ya watoto wa kuruka kamba. Damu uliiogopa, nami nikakupa njia. Nilipofika kwenye sanduku kutupwa, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikashtuka, nikadhani ni kiharusi kingine. Alikuwa anacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja tu wa mdomo, na uji kidogo. Akanipiga paja kwa mkono mzima, maana yake rudia. Nikarudia. Nimerudia mpaka uji ukapoa.

Mistari ile ilikuwa mizuri. Niliidharau kwa sababu hainilizi, na sikujiuliza kama yeye ingemchekesha.

11 Mei

Kitabu kimetoka. Ukumbi wa maktaba ulijaa, miavuli mlangoni kama popo. Wakaniomba nisome "Mwanamke wa Mikate". Nikasema koo linaniuma, nikasoma jingine. Wakapiga makofi ya adabu. Basi mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka na nakala yake, akasema atanisaidia, akalisoma lote. Ana sauti nzuri. Watu wakatoa vitambaa. Nilisimama pale nikipokea pole na hongera kwa pamoja, nikashukuru, kwa kuwa sikujua mtu hufanya nini kingine.

12 Mei

Mvua zimepungua. Sijachora.

19 Mei

Nilikuwa nimekificha kitabu, lakini kitabu kikishachapwa hakifichiki. Binti amekisoma kazini, mwenzake alimletea. Leo mchana, jua limetoka, tulimtoa Dada barazani, Binti akaja na nakala yake kifuani na macho yamevimba.

Aliniangukia shingoni. Alisema asante, Mama mdogo. Alisema amefanya kazi ile miaka yote bila kujua kwa nini aliichagua, na sasa amejua. Kila akivaa yale mavazi meupe, anavaa ndoto ya mama yake. Wauguzi wenzake wamelibandika shairi ukutani, kwenye chumba cha chai.

Nikamketisha. Nikamwambia si kweli. Nilimweleza beseni la damu, na mama yake kuanguka, na sala ile ya nyumba ishike moto, na raha ya tanuri, na baba yake akiimba vibaya. Nilimwambia mama yake mwenyewe ndiye aliyeniambia, kabla hajaugua, na kwamba aliniagiza nilitoe shairi, nami sikulitoa.

Alinisikiliza kwa ule uvumilivu wanaotumia kwa ndugu wa wagonjwa. Kisha akanishika mkono.

"Mama mdogo, mama ndivyo alivyo," akasema. "Alikuambia hivyo ili usijione una deni."

Kila nitakachosema kuhusu furaha ya Dada kitazidi kumfanya mtakatifu. Nikamwambia basi muulize mwenyewe.

Binti akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, ulitaka kuwa muuguzi, sivyo?"

Dada akatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto. Nilimwona akikaza shingo ili asikosee.

"Anachoka," binti akaniambia kwa sauti ya chini. "Wagonjwa wa namna hii huchanganya ndiyo na hapana. Tusimsumbue."

Dada akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake mwenye sauti aite msaada. Nikasema tena, "Ni kweli, mwanangu, ni kweli anavyosema." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayejitetea.

Binti akaiinamia mikono ya mama yake, ile ya kwenye picha, akaibusu mmoja mmoja. Akamwambia pole, mama. Pole kwa yote uliyoyaacha.

Dada akauchomoa taratibu mkono wake mzima, akauweka mbali, kwenye ukingo wa kiti. Binti akauchukua tena, akaufunika kwa khanga, akidhani ni baridi.